Leo ni siku ya ngapi? Kuendesha nyumba mke anapotibiwa saratani ya titi huku ana kisukari na presha

Mke amepasuliwa titi, anaanza dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kila baada ya wiki 3, na kabla ya yote hayo alikuwa tayari na kliniki ya sukari na presha. Mume akirudi nyumbani anakuta wifi kaleta juisi ya rozela, jirani kaleta majani ya mstafeli, mtoto wa mwisho ana mafua, na kwenye meza ya chumbani kuna vidonge vya aina saba. Wasaidizi wapo. Anayejua lipi lifanyike leo na lipi lisubiri wiki ijayo, hayupo.

Tumemwandikia mume huyo, ingawa mke anayemuuguza mumewe atakuta mengi ni yaleyale. Tunaanzia kwenye kalenda kwa sababu kemo ina tabia ya kujirudia: kichefuchefu kina siku zake, sukari kupanda ina siku zake, na hatari ya maambukizi ina siku zake. Nyumba inayojua leo ni siku ya ngapi haibabaiki sana.

Kalenda ya siku 21

Chukua kalenda ya ukutani yenye nafasi ya kuandikia. Ile ya bure ya duka la dawa inatosha. Siku ya dripu iandike 1, halafu endelea kuhesabu hadi 21. Zungushia siku ya 1 hadi ya 5 kwa rangi moja, hizi ni siku za kichefuchefu na sukari kuyumba. Siku ya 7 hadi ya 14 zipe rangi nyekundu: chembe nyeupe za damu zinashuka, kinga inakuwa chini kabisa. Siku ya 15 hadi ya 21 ni za kupumua. Siku moja au mbili kabla ya dripu inayofuata andika "kupima damu", maana chembe zikiwa bado chini dripu itasogezwa mbele, na usingependa kulijua hilo ukiwa umeshalipa nauli na kuomba ruhusa kazini.

Itundike jikoni, si chumbani. Dada wa kazi, watoto na bibi waliokuja kusaidia wote waione. Kama dawa yake ni paklitakseli ya kila wiki, hesabu hizi zinabadilika; muombe nesi akuchoree ratiba yake.

Chini ya kalenda weka daftari la kurasa 96. Kila siku mstari mmoja: siku ya mzunguko, sukari, presha, joto la mwili, choo, alichokula. Uzito apimwe mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, kwenye mzani uleule. Akipungua kilo 2 ndani ya wiki moja, waambie kliniki bila kusubiri tarehe yake, kwani mara nyingi ni maji yamepungua mwilini.

Kabla ya dripu ya kwanza

Weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na miti shamba, mafuta na vidonge vya "kuongeza damu" alivyoletewa. Nendeni nao kliniki. Kuna maswali ambayo lazima yajibiwe siku hiyo, na majibu yaandikwe kwenye daftari lake la hospitali kwa mkono wa daktari.

La kwanza: siku asipoweza kula, dawa ipi ya sukari asimeze? Glibenklamidi na insulini hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na hapo ndipo mgonjwa anapoanguka alfajiri. Lakini insulini haiachwi yote kwa kujiamulia. Daktari ndiye anayesema ipunguzwe kwa kiasi gani.

La pili: akitapika au kuharisha, metformini (kidonge cha sukari) na dawa za presha zifanyweje? Mwili ukikaukiwa maji, metformini inaweza kurundikana mwilini, na baadhi ya vidonge vya presha, hasa losatani, enalaprili na vile vya kukojolesha, huzielemea figo na kushusha presha kupita kiasi. Mara nyingi husimamishwa kwa muda hadi mgonjwa ale na kunywa tena. Muda huo nao uandikwe.

La tatu: moyo wake umepimwa? Doksorubisini, ambayo wagonjwa huiita dawa nyekundu, inaweza kuudhoofisha moyo, na mwenye presha ya siku nyingi ana sababu zaidi ya kufanyiwa ultrasaundi ya moyo kabla ya kuanza. Nyumbani mwangalie miguu inayovimba, pumzi inayokata akilala chali, na kuamka usiku kutafuta hewa.

La mwisho: usiku wa manane tumpigie nani, na hospitali gani iliyo karibu ina sindano za antibayotiki na maabara ya saa 24? Tafuta jibu lake mapema, kisha chukua namba ya dereva wa bajaji au teksi anayelala karibu na kwenu.

Siku ya 1 hadi ya 5

Dawa ya kuzuia kutapika inamezwa kwa saa. Kosa kubwa la siku hizi ni kuihifadhi "hadi kichefuchefu kije". Kikishakuja, kidonge kinatoka na matapishi. Weka kengele ya simu kwa siku 3 za mwanzo, hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu kichefuchefu cha kemo hupenda kuzidi siku ya pili na ya tatu. Baadhi ya vidonge hivyo, ondansetroni mojawapo, hufunga choo. Papai, mboga za majani na maji ya kutosha vianze siku ileile; akipitisha siku 3 bila choo, omba dawa ya kulainisha.

Pamoja na dripu hupewa deksamethasoni, dawa ya steroidi inayosaidia kuzuia kichefuchefu. Hii ndiyo inayoivuruga sukari. Hupandisha zaidi mchana na jioni, kwa hiyo anayepima asubuhi peke yake ataona 7 na kuridhika wakati saa 11 jioni ilikuwa 18 (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L). Katika siku ya 1 hadi ya 4 pimeni mara nne: kabla ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha usiku na kabla ya kulala. Anawe mikono kwa sabuni na akauke kwanza. Kidole kilichomenya embe huonyesha sukari ya embe. Kila kipimo sindano mpya, na mtoboe pembeni mwa kidole, siyo kwenye ncha. Ikipita 15 mara mbili mfululizo, piga simu kliniki. Ikipita 20, au ikiwa juu huku anatapika, anakojoa mno au maneno yake hayaeleweki, nendeni hospitali.

Deksamethasoni ikishaisha na hamu ya kula ikiwa bado haijarudi, mambo hugeuka. Hapo sukari inaweza kushuka. Jasho la baridi, kutetemeka, kukasirika ghafla bila sababu: mpime. Chini ya 4, mpe vijiko 4 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au ml 150 za soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, apate mkate au uji ili isishuke tena. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu. Mlaze ubavu na mumkimbize hospitali.

Mkojo mwekundu au wa rangi ya machungwa siku ya kwanza na ya pili baada ya dawa nyekundu si damu, ni rangi ya dawa. Waambie watoto mapema. Dawa hiyo hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi, kwa hiyo kwa saa 48 anayesafisha avae glavu, choo cha kuvuta kivutwe mara mbili huku kimefunikwa, na cha kumwaga maji kimwagiwe ndoo nzima. Shuka lililochafuka lifuliwe peke yake, mara mbili. Mjamzito na anayenyonyesha wasiifanye kazi hiyo. Zaidi ya hayo hakuna cha kuogopa: kukumbatiana, kula pamoja na kulala kitanda kimoja havina madhara kwa mtu yeyote. Tunalisisitiza hili kwa sababu kuna nyumba ambazo mgonjwa hupewa sahani yake na kikombe chake kana kwamba anaambukiza, na hilo humuumiza kuliko dripu.

Akitapika au kuharisha na pakiti ya ORS haipo, chemsha lita 1 ya maji, yaache yapoe, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa ni kwa vijiko, kidogo kidogo. Mwenye kisukari anaruhusiwa ORS, ila sukari ipimwe kila baada ya saa 4. Akishindwa kubakiza maji tumboni kwa saa 12, au akikojoa kidogo na mkojo ukawa mzito kama chai ya rangi, nendeni hospitali.

Siku ya 7 hadi ya 14: joto 38

Kama msomaji atakumbuka kipande kimoja tu cha haya yote, kiwe hiki. Mgonjwa wa kemo mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi ni mgonjwa wa dharura. Saa yoyote, hata kama anaongea na kucheka.

Tatizo kwetu ni kwamba homa ina jina: malaria. Mtu akipata joto, kitu cha kwanza ni Panadol, cha pili ni duka la dawa, cha tatu ni kusubiri kukuche. Kwa mgonjwa ambaye chembe nyeupe zimeshuka, kijidudu cha kawaida cha kinywani au cha utumbo kinaweza kuingia kwenye damu na kumuua ndani ya saa chache. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini antibayotiki ya mshipa isisubiri majibu. Inatakiwa ianze ndani ya saa 1 tangu afike.

Kwa hiyo nunueni kipimajoto cha kidijitali kabla ya dripu ya kwanza. Katika siku nyekundu mpimeni asubuhi na jioni, na wakati wowote anaposikia baridi. Kisomeni kwapani au mdomoni, kamwe si njia ya haja kubwa, kwani michubuko ya huko hufungua mlango wa maambukizi. Asipewe Panadol kabla ya kupimwa, maana hushusha joto na kuficha hatari. Na kwa kuwa kisukari na deksamethasoni vinaweza kulizuia joto lisipande, kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa, au udhaifu wa ghafla ni sababu tosha ya kwenda hata kipimajoto kikisoma 37.

Mkifika mapokezi, usiseme "ana homa". Mtakaa foleni. Sema hivi: "Mke wangu yuko kwenye kemo, leo siku ya 10, ana joto 38.4, na ana kisukari." Onyesha daftari. Omba kliniki ya saratani ikupe mapema barua fupi yenye maneno hayo na jina la dawa anazopewa, uiweke kwenye begi lililofungwa tayari: kitenge, khanga, mswaki laini, chaja, kadi ya bima, nakala ya majibu ya kinyama (kipimo cha nyama iliyokatwa kwenye uvimbe).

Kinga ya siku hizi iko kwenye mambo madogo. Mikono kwa sabuni kwa kila aingiaye. Maji ya kunywa yachemke dakika 1 kamili. Mayai yaive hadi kiini kikauke, nyama isiwe na wekundu. Kachumbari ya nje, juisi za barabarani zenye barafu na maziwa ya kutochemshwa viachwe. Matunda ya kumenya kama ndizi, chungwa na parachichi ni salama kuliko yanayoliwa na ganda. Wengine hukataza matunda yote na kumbakiza mgonjwa na uji mweupe; hiyo imezidi, na choo kitamfunga.

Kinywa kikianza kuuma, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha soda ya kuokea katika ml 500 za maji yaliyochemshwa, asukutue mara 4 kwa siku na kutema. Soma kopo vizuri: baking powder siyo, na magadi ya kupikia makande siyo. Dawa za kusukutua zenye spiriti humchoma bure.

Chakula cha mwenye saratani na sukari kwa pamoja

Hapa ushauri hugongana. Kliniki ya sukari imemfundisha kupunguza, kliniki ya saratani inataka asipungue kilo. Wakati wa kemo kipaumbele ni protini na uzito, huku sukari ikizuiwa isiruke sana. Lengo la kawaida ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani mama wa kilo 60 anahitaji kama gramu 72 hadi 90 kwa siku. Kwa chakula chetu inawezekana: mayai 2 ni kama gramu 12, vikombe 2 vya maziwa vya ml 250 ni 16, kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15, kipande cha samaki cha gramu 100 ni 20, na dagaa wakavu gramu 30 wanaongeza 15 au zaidi. Jumla umefika. Ila kama figo zimeshaguswa na kisukari, muulize daktari kwanza kiasi cha protini.

Asikae na sahani kubwa. Mpe kidogo kila baada ya saa 2 au 3, na anayepika apike mbali na alipo, kwani harufu ya kitunguu kinachokaangwa ndiyo humfukuza mezani. Chakula kilichopoa kidogo hakina harufu kali. Uji wa lishe wa nafaka tano wenye vijiko 4 vya sukari utampandisha bila kumjenga. Pika uji wa ulezi kwa maziwa, weka kijiko cha karanga zilizosagwa, sukari acha. Ugali na wali vipo, ujazo wa ngumi yake.

Juisi nyekundu haiongezi damu kwa kuwa ni nyekundu. Rozela inaweza kushusha presha juu ya vidonge anavyomeza, na ile ya kuletewa kwa kawaida ina sukari tele. Majani ya mstafeli, mwarobaini na mchanganyiko usiojulikana wa unga wa mizizi ni suala zito zaidi: dawa za kemo huchakatwa na ini, na miti shamba mingine hulielemea ini hilohilo au kushusha sukari bila kipimo. Usigombane na mkweo aliyesafiri na chupa kutoka kijijini. Ipokee, ishukuru, iweke kabatini, sema "daktari ameomba tusichanganye hadi dripu ziishe". Maombi na dua viendelee nyumbani; anayesema aache dozi ili apone kwa imani ndiye wa kukataliwa.

Kwa Waislamu, Ramadhani ikiangukia katikati ya kemo, zungumzeni na daktari na sheikh mapema. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na mwenye insulini au glibenklamidi ndani ya siku za dripu asijaribu.

Mkono, miguu na jiko

Kama tezi za kwapani ziliondolewa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Presha ipimwe mkono mwingine, na damu na dripu zitoke na kuingia upande huo mwingine inapowezekana. Pete na bangili zinazobana zitoke. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20: wiki 6 za kwanza baada ya upasuaji asiiguse, na baadaye aanze na kidumu cha lita 5. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na unauma, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mkono huohuo usiachwe ukakauka. Daktari akishatoa mpira wa kukusanya majimaji ya kidonda na kuruhusu, asimame akiuelekea ukuta, apandishe vidole kama buibui hadi panapovuta bila kuuma, ahesabu 5, ashuke. Mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Weka alama ya chaki alipofika. Watoto hupenda kuisogeza.

Paklitakseli huleta ganzi kwenye vidole, na kisukari nacho huleta. Vikikutana, mtu anaweza kukanyaga kaa la moto bila kujua. Asitembee peku hata ndani. Kila jioni mtu mwingine amkague nyayo na katikati ya vidole kwa mwanga wa tochi. Hiyo ni kazi nzuri ya mume, dakika 3 tu. Maji ya kuoga yajaribiwe kwa kiwiko cha asiye na ganzi. Sufuria asiipue kwa khanga, atumie glavu nene. Ganzi ikipanda au akishindwa kufunga vifungo vya blauzi, kliniki ijue kabla ya dripu inayofuata ili dozi ifikiriwe upya.

Watoto, wageni na fedha

Waambieni watoto jina la ugonjwa. Mtoto anayesikia minong'ono hutunga jibu lake mwenyewe, na mara nyingi ni kwamba yeye ndiye aliyemkosea mama. Maneno mafupi yanatosha: "Mama ana saratani kwenye titi. Madaktari wameitoa na sasa wanampa dawa kali. Dawa itamchosha na nywele zitatoka, zitaota tena. Haiambukizi. Hakuna aliyeisababisha." Nywele huanza kutoka wiki 2 hadi 3 baada ya dripu ya kwanza. Kama anataka kunyoa kabla, anyoe mchana, watoto wakiwepo, wasishtuke kumkuta amebadilika. Mwalimu wa darasa naye aambiwe.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" tunaipenda, lakini katika siku nyekundu mgeni mwenye kikohozi huleta kinyume chake. Wageni waje siku ya 15 hadi ya 21, nusu saa. Chagueni msemaji mmoja, kaka au wifi mwenye busara, atume taarifa kwenye kundi la familia kila Jumapili saa 2 usiku. Hapo simu 30 za "anaendeleaje?" zitapungua, na mke hatalazimika kusimulia titi lake kwa kila shangazi.

Michango iandikwe na mtu asiye mume wala mke, kwa jina na kiasi, na matumizi yake yatajwe. Si kwa kutoaminiana. Ni kwamba baada ya miezi 8 hakuna anayekumbuka, na ugomvi wa fedha huja wakati mgonjwa anapopona. Bima ikilipa dripu, bado kuna nauli, vijiti vya kupimia sukari, dada wa kazi, maziwa na malazi. Mionzi hasa ndiyo inayowashtua wa mikoani: hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 3 hadi 5 au zaidi, dakika chache kwa siku, kwa hiyo gharama kubwa ni kukaa kwenye mji wenye mionzi, kama Dar es Salaam au Mwanza. Tafuteni ndugu wa kumpokea kabla ya tarehe. Na akiwa kwenye mionzi, alama alizochorwa zisisuguliwe, ngozi isipakwe majivu, limao wala manukato.

Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Asizimalize kwa upasuaji. Dripu 8 kwa siku 5 kila mzunguko ni siku 40, wekeni akiba. Mume ana likizo yake ya mwaka ya siku 28. Omba mwajiri akubali igawanywe ilingane na siku ya 1 hadi ya 3.

Jambo moja waume wema hulikosea. Wanachukua kila kitu: ufunguo wa stoo, fedha za matumizi, maamuzi ya shule. Mke anabaki mgeni nyumbani kwake. Siku ya 15 hadi ya 21 mrudishie daftari la matumizi, apange mboga, amfokee fundi kama anavyomfokea siku zote. Siku ya 2 akisema hataki kuongea, nayo mwachie. Na wewe mwenyewe lala. Panga na mtu mwingine mmoja mgawane usiku, na presha yako ipimwe siku mnayopima ya kwake.

Chumbani

Tendo la ndoa halijakatazwa. Kwa saa 72 baada ya dripu tumieni kondomu, na katika siku ambazo chembe za damu ziko chini sana au anatoka damu, subirini. Mimba isiingie wakati wa kemo wala wakati wa tamoksifeni (kidonge cha kuzuia homoni isiilishe saratani). Kwa mwenye saratani ya titi, sindano, vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango vyenye homoni havifai, kondomu au kitanzi cha shaba vinafaa. Kemo inaweza kukata hedhi na kuleta ukavu na joto la ghafla usiku. Kilainishi chenye asili ya maji hupatikana famasi. Mafuta ya mgando yasitumike na kondomu kwa kuwa huipasua. Kuhusu kovu: muulize kama anataka uliguse au usiliguse, usikisie. Wengi huficha kifua kwa miezi wakidhani mume anachukizwa, na mume hugeuka ukutani akidhani anamheshimu.

Baada ya dripu ya mwisho

Familia husherehekea, dada wa kazi anarudi kwao, na wiki ya pili yake mama hawezi kumaliza kufua. Uchovu wa kemo huendelea kwa miezi. Unapungua kwa kutembea kuliko kwa kulala: aanze dakika 10 kwa siku, aongeze dakika 5 kila wiki hadi 30. Sukari nayo itanufaika. Kliniki ya sukari na presha iliyosahaulika irudiwe ndani ya mwezi wa kwanza, maana dozi zilizopandishwa kwa ajili ya deksamethasoni zikibaki vilevile zitamwangusha.

Miadi ya saratani kwa kawaida ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya kwanza, na mamogramu (picha ya eksirei) ya titi lililobaki mara moja kwa mwaka. Msisubiri miadi kama kuna kivimbe kipya kwenye kovu au kwapani, maumivu ya mfupa yasiyoisha usiku, kikohozi kisichopona, au kichwa kinachouma kila siku.

Akiwekwa kwenye tamoksifeni, ni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, wengine 10. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla, au damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, aende hospitali. Kidonge hiki huachwa kimyakimya, kwa kuwa haumwi tena na joto la usiku linamsumbua, au kwa sababu pakiti imeisha mwisho wa mwezi na fedha haipo. Kiweke karibu na mswaki, na kwenye kalenda andika siku ambayo vidonge vitabaki 14. Siku hiyo ndiyo ya kununua pakiti nyingine.